Tintin, Mobutu na Deni la Mbuzi

Aliyetuletea balaa ni mpwa wangu wa Beni, na chombo cha balaa ni simu yake. Alisoma humo kwamba mwezi wa nne mwaka 2024, huko Marekani, kitabu kimoja cha katuni kiliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 6. Kitabu, si ghorofa. Chenyewe ni Action Comics namba 1, cha Juni 1938, ambamo Superman anatokea kwa mara ya kwanza, na kilipotoka kiliuzwa senti 10. Mpwa hakusoma zaidi ya hapo. Alipanda pikipiki, akala vumbi na vizuizi vyote kati ya Beni na Butembo, akaingia kwangu hata hodi hajamaliza: «Mjomba, lile sanduku la katuni bado liko?»

Liko. Ni sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, na miaka yote limekaa chini ya kitanda likinitafutia maneno na mama watoto. Ndani yake kuna vitabu vya katuni nilivyorithi, nilivyobadilishana, na vingine nilivyoazima kwa watu ambao sasa ni marehemu, Mungu awarehemu na awasahaulishe. Hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kuniheshimu kwa ajili ya sanduku lile. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa akiuliza mbele ya wageni mtu mwenye mvi anatafuta nini katika vitabu vya picha. Sasa shangazi huyo huyo alikuja Jumapili baada ya misa, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa hapo mpaka giza likaingia. Ndugu wa Oicha walipiga simu kunisalimia tu. Wa Musienene walipiga kuuliza wa Oicha wamesema nini. Kufikia Jumatatu mimi nilikuwa tajiri anayewaficha wenzake.

Nikaona heri niwaeleze. Niliwakalisha sebuleni, nikawaambia kwamba uzee wa kitabu peke yake haulipi. Kingekuwa kinalipa, katekisimu ya babu ingekuwa imetujengea nyumba. Kwanza wanatazama ni nani anayezaliwa ndani ya kitabu: Superman akitokea leo, namba hiyo ina bei, namba ya mwezi unaofuata anaendelea tu kuruka, na bei inashuka. Pili, wanatazama zimebaki ngapi. Wamarekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili walikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na mama zao wakatupa zilizosalia wakifagia vyumba, kwa hiyo kile ambacho mama mmoja alisahau kukitupa kimekuwa dhahabu. Shangazi alinitazama. Mama watoto pia alinitazama, kwa namna nyingine.

Tatu ni hali ya kitabu, na hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni ya Florida iitwayo CGC. Unawatumia kitabu chako na pesa juu, wanakikagua ukurasa kwa ukurasa, wanakipa alama kuanzia 0.5 mpaka 10, kisha wanakifungia ndani ya plastiki ngumu kama maiti ya mfalme. Kile cha milioni 6 kilipata 8.5. Ukivunja plastiki ili usome, alama zako zimekufa, rudi mwanzo, lipa tena. Na ukiuliza ni makosa gani yanayoshusha alama, utasikia: kona iliyokunjika, alama ya kidole, pini yenye kutu, mgongo uliolegea, jina la mwenye kitabu limeandikwa kwa kalamu. Yaani kila dalili kwamba binadamu alikipenda kitabu hicho, wanaitoza faini! Kitabu bora kuliko vyote, kwa hesabu yao, ni kile alichonunuliwa mtoto asiyekuwa na hamu nacho.

Sisi tulikuwa na hamu. Kitabu kikiingia avenue yetu, kilisomwa na nyumba zote za kulia, kikavuka, kikasomwa na za kushoto. Kilisomwa na mtoto anayekula muwa, na mama anayesonga bugali, na mlinzi wa usiku kwa mwanga wa kibatari. Kikaazimwa mpaka Kyondo, kikarudi baada ya msimu mmoja wa maharage kikiwa na tabia za huko. Mtu wa Florida akipewa kitabu hicho ataita polisi.

Wala msidhani sisi hatukuwa na soko. Uwanja wa shule tulikosoma ulikuwa na bei zinazojulikana, bila katalogi na bila plastiki. Vilivyotawala ni vile vitabu vidogo vya Wafaransa, vya kuingia mfukoni: Blek na Zembla, vilivyochapwa na Lug ya mji wa Lyon, pamoja na Akim. Blek moja kamili ilikwenda kwa Zembla mbili, kwa sababu Zembla ni mtu wa msituni na msitu tunao wenyewe. Ikikosa jalada, ilipungua kidogo tu, maana jalada halina hadithi. Ikikosa ukurasa wa katikati, mlielewana. Lakini ikikosa ukurasa wa mwisho, hapo bei iliporomoka mpaka kwenye karanga za kiganja kimoja, kwa kuwa unanunua ugonjwa: utalala vipi hujui kama Blek alitoka kwenye ile ngome ya Waingereza?

Na hapo ndipo akili za Butembo zilipojionyesha mapema. Kulikuwa na kijana wa darasa la sita aliyekuwa akichana kurasa za mwisho kwa makusudi. Aliuza kitabu kwa bei nafuu, akangoja siku mbili ugonjwa ukushike, kisha akakuletea mwisho kwa bei yake. Ukiwa huna kitu, alikusimulia mwisho huo kwa mdomo kwa nusu bei, na ukimkasirisha alikusimulia mwisho wa uongo. Leo ana makontena yanayotoka Guangzhou. Sijawahi kuuliza mtaji aliutoa wapi.

Basi tukafungua sanduku. Mpwa alishika taa ya sola, shangazi alishika rozari.

Cha kwanza kutoka kilikuwa Tintin au Congo, na sebule nzima ilivuta pumzi, maana hicho hata asiyejua kusoma anakijua. Hergé alikichora Brussels kati ya 1930 na 1931, hajawahi kukanyaga nchi hii hata kwa bahati mbaya, na ametuchora sisi wote kwa midomo ya aina moja. Albamu ya kwanza, ya mwaka 1931, haina rangi. Mwaka 1946 akakichora upya, kwa rangi, akafupisha. Katika ile ya kwanza Tintin anasimama mbele ya watoto weusi kuwafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika ile ya 1946 somo limegeuka hesabu: mbili jumlisha mbili. Mkongomani mmoja aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Mwaka huo huo wa 2007, huko Uingereza, tume ya usawa wa rangi ilipolalamika kwamba kitabu hakifai kuwekwa dukani, watu walikimbilia madukani kukinunua. Ndivyo bei za hawa watu zilivyo. Ukikitukana kitabu, kinapanda.

«Chetu kina rangi,» alisema mpwa. «Basi ni cha 1946.»

Nikamwambia ageuze nyuma. Albamu za Tintin, mwaka wake unaupata kwenye jalada la nyuma, katika orodha ya albamu nyingine za mfululizo huo. Kitabu hakiwezi kuwa cha 1946 wakati nyuma yake kinatangaza Tintin au Tibet, iliyotoka 1960, kama vile cheti cha ubatizo hakiwezi kumtaja mjukuu wa mtoto anayebatizwa. Chetu kilitaja Tibet. Kikataja na Vol 714, ya 1968. Na chini kabisa, bila aibu, kikataja Tintin et les Picaros, ya 1976. Kwa hiyo kilichapwa nchi ikiwa tayari inaitwa Zaire na sisi tumekwishanyang'anywa majina ya ubatizo. Nakala kama hiyo Ulaya iko kwenye meza za barabarani.

Shangazi hakukubali kushindwa. «Hayo majina ya chini hayakwanguliwi?»

«Shangazi, wale watu wana kioo cha kukuza.»

«Na sisi tuna nyembe nzuri.»

Ni yeye aliyekifungua ili atafute pa kuanzia kukwangua, na hapo akanyamaza. Upande wa ndani wa jalada, kwa kalamu ya buluu, kuna mwandiko wa baba yangu. Ni orodha ya mbuzi. Wanande tunaoana kwa mbuzi, na siku walipokuja wakwe kutoa mahari ya shangazi, inaelekea karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa Tintin. Mbuzi wote wameandikwa, dume kwa dume na jike kwa jike, rangi zao, nani alimleta yupi, na mstari wa mwisho umepigwa mistari miwili chini yake: «Bado mmoja».

Mtu wa Florida hapo angeandika: maandishi ya wino ndani ya jalada, punguza alama. Shangazi alikifunga kitabu, akakiweka mapajani, akakifunika kwa kitenge. «Hiki hakiendi popote. Wale watu wa Kyondo wanakana mpaka leo.» Mumewe amefariki, watoto wake wana watoto, lakini mbuzi yule bado yu hai katika Tintin, na anazidi kuzaa riba. Mpwa alijaribu kusema tutapiga picha ukurasa huo kwa simu. Aliulizwa kama aliwahi kuona baraza la ukoo likikubali simu.

Nilichoka, nikawapa mfano wa kuwakata maini kabisa. Mwezi wa kwanza mwaka 2021, Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza mchoro wa Hergé wa mwaka 1936, uliokusudiwa kuwa jalada la Le Lotus bleu ukakataliwa kwa sababu kuuchapa kungekuwa ghali. Ulipata euro milioni 3 na zaidi. Na karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa! Mistari ya kukunjwa inaonekana wazi. Kwa maelezo ya waliouuza, ulipewa mtoto wa mchapishaji, akautia kwenye saraka. Kumbe kukunja si kosa. Kosa ni nani aliyekunja, na saraka iko mji gani.

Vilivyofuata vilitoka haraka. Kulikuwa na namba kadhaa za Okapi, gazeti la vijana lililoanza 1971, la nyumba ya Bayard ya Paris, ambayo ni mali ya Waasompsionisti, wale wale waliofika Beni mwaka 1929 na kutujengea misheni. Ndiyo maana yalitufikia. Zote zina muhuri wa maktaba ya shule fulani ambayo sitaitaja, na muhuri huo kwa mkusanyaji ni doa, kwangu mimi ni ushahidi. Kingine kinachonikera: wameliita gazeti jina la mnyama wetu, anayeishi katika misitu yetu ya Ituri na si penginepo duniani ila Kongo hii, na mimi okapi nimemfahamu kwa karatasi ya Paris. Kulikuwa na Kouakou, lile lililokuwa likigawiwa bure na ushirikiano wa Wafaransa katika shule za Afrika. Mpwa alishangaa kusikia kuna watu wanaolitafuta. Cha bure kikikwisha, huwa ghali.

Kisha ikatoka ile yenyewe: Il était une fois... Mobutu, ya mwaka 1977, maandishi ya Serge Saint-Michel, michoro ya Dominique Fagès. Maisha ya Rais kwa picha za rangi, kofia ya chui, fimbo, mama mpendwa, umati unaoshangilia, hakuna anayedai mshahara. Miaka ile ilikuwa vizuri ionekane mezani mgeni akija. Mwishoni mwa 1996, vita vya AFDL, waasi waliompindua Mobutu, vilipofika huku, watu walewale waliifanya kuwa moto wa kupikia chai kabla askari hawajapita. Yetu ilipona kwa sababu baba mdogo alikuwa ameifunga ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo za kanisa. Panya alikula kona moja ya chini. Mobutu hakuguswa.

Ambacho hakikutoka, na ambacho kingeniponya moyo, ni Jeunes pour Jeunes. Lilianza Kinshasa mwaka 1968, la Achille Ngoye na Freddy Mulongo, ndimo alimokuwa polisi Apolosa akisumbua raia, watu wakizungumza Kihindubili cha mitaani na si Kifaransa cha mwalimu. Baadaye likaitwa Kake. Lilisomwa nchi nzima, na ndiyo maana halipo. Nani angelihifadhi? Tulifungia karanga, tulifunikia madaftari, tulizibia matundu ya madirisha. Afadhali Papa Mfumu'Eto, yule wa Kinshasa aliyeanza mnamo 1990 na hadithi ya chatu aliyemmeza mwanamke, vijitabu vya Kilingala vya karatasi hafifu vilivyouzwa barabarani: mwaka 2015 alitundikwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo kwenye Fondation Cartier, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida. Florida tena. Sijui tumewakosea nini watu wa Florida hata wavitie vyao kwenye plastiki na vyetu kwenye maktaba, sisi tubaki na karanga.

Na tusiseme tu uzembe. Butembo ni baridi na ukungu, nguo hukauka siku ya tatu. Karatasi huota kuvu ya kijani ukingoni. Niliwahi kufikiria kulihamishia sanduku Beni kwenye joto, dada yangu akanionyesha mlango wa stoo yake: ulibaki rangi, mbao zilikwisha kuliwa na mchwa. Kwa hiyo chaguo lako ni kuvu au mchwa. Halafu kuna lile ambalo halina mzaha. Tangu mwaka 2014 watu wa upande wa Beni wamekuwa wakikimbia usiku, na mwaka 2024 barabara ya Lubero ilijaa waliokimbia vita Kanyabayonga. Nimewatazama wakipita: godoro, sufuria, jogoo aliyefungwa miguu, bibi juu ya baiskeli. Hakuna mtu aliyebeba katuni, na angekuwa na kichaa angebeba. Kama kweli uchache ndio unaopandisha bei, basi Kivu ya Kaskazini yote ni bilionea.

Lakini hatuna katalogi. Wamarekani wana kitabu cha bei cha Overstreet tangu 1970, Wafaransa wana BDM tangu 1979, unafungua, unatafuta jina, unasoma nambari, unagombana na mkeo kwa ushahidi. Huku bei inajulikana ya vitu vyote isipokuwa hivi. Beni mnunuzi wa kakao anapasua punje kwa kisu, anatazama rangi ya ndani, ananusa, anakutajia bei kabla hujakohoa. Butembo mwenye mizani ya dhahabu anakutajia pia. Leta Tintin, wote wanakutazama wewe.

Mpwa aliamua kuwaruka wote. Alipiga picha Mobutu na Okapi, akamtumia mtu mmoja wa Ubelgiji anayenunua vitu hivyo. Yule mtu alijibu upesi, kwa adabu, akiuliza hali ya vitabu. Mpwa, kwa fahari yote, akamwandikia: «Hali nzuri sana, vimesomwa na watu wengi.»

Hajajibu tena.

Ndipo akaja mfanyabiashara. Simtaji, mji ni mdogo. Amepanda ndege za Dubai na China, amesikia huko kwamba wazungu wanakusanya karatasi kuukuu, na amemsikia mpwa akizungumza kwenye pikipiki. Aliketi, akanywa chai, akaisifu, akasifu baridi, akasifu mahindi ya mama watoto uani, na baada ya kusifu kila kitu kisichouzwa akauliza kuhusu Tintin. Shangazi aliinuka na kitenge chake, akaenda jikoni. Akauliza kuhusu Mobutu. Nilimtolea. Alikigeuza, akakilaza mezani, akapitisha kidole kwenye ukingo.

«Mwalimu, panya ameonja.»

«Kona tu, Papa. Hadithi ni kamili mpaka mwisho.»

«Mwenye kununua hatasoma hadithi.»

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Tulivutana. Nilianzia mia mbili, yeye akacheka mpaka chai ikamwagika. Akaanzia kumi, nikacheka mimi, ingawa si kwa furaha. Tukaenda hivyo, mpwa akitafsiri kwa macho, mpaka tukakutana kwenye dola 50. Alitoa noti moja, akainyoosha juu ya goti, akanipa.

Sasa, mtu wa Florida anasifiwa kwa macho yake. Nawaambia, hajamwona mama muuza samaki wa Butembo akipokea dola. Anaivuta pande mbili isikike inavyolia. Anaitazama kwenye jua. Anapapasa bega la yule mzee wa kizungu kama bado lina mikwaruzo. Anatafuta mwaka. Anatafuta muhuri wa wino, doa, tundu la pini, mkunjo uliokuwa mweupe, na akikuta mpasuko wa urefu wa punje ya mchele kwenye ukingo, anakurudishia kwa vidole viwili: «Hii haipiti.» Unaweza kumwapia kwamba serikali ya Marekani yenyewe inazikubali noti zake zote kuanzia zile za 1914, zenye vichwa vidogo kwa vikubwa. Atakwambia uipeleke Marekani. Franka za Kongo, hizo hizo anazoshika mkono wa pili, zimeunganishwa kwa gundi ya skochi, hazina pembe, zina harufu ya samaki na mafuta ya mawese, na hizo zinapita zote, hata zile ambazo picha yake haionekani tena.

Mimi pia ni mtu wa Butembo. Niliinyanyua noti dirishani. Mpasuko ulikuwa juu, karibu na nambari, kidogo tu.

«Papa, hii haipiti.»

«Mwalimu! Kwa kampasuko haka?»

«Kona, Papa. Panya ameonja.»

Alitafuta mifukoni, hakuwa na nyingine. Alisema atarudi na nzuri. Sote tulijua maana ya hiyo sentensi. Alimaliza chai yake, akasimama, akavaa koti, na akiwa mlangoni akatazama tena ndani, chini, kwenye saruji.

«Na hilo sanduku?»

Ni la bati, kama nilivyosema. Lina kutu pembe zote, bawaba moja imekatika na kufungwa kwa waya, juu ya kifuniko kuna jina la mwanafunzi ambaye si wa ukoo wetu, na chini limetoboka mahali panapoingia kidole gumba. Hakuuliza la mwaka gani. Alilipiga ngumi mara moja kusikia mlio, akataja bei ya sokoni, mama watoto akajibu kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo, wakaelewana. Vitabu tulivitia kwenye katoni ya nyanya za kopo. Alilipa kwa franka, noti tatu kati ya hizo zikiwa vipande viwili viwili, na mama watoto akazipokea bila kuziangalia.